Kanisa Lilipopeleka Maji Maabara

Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, wilayani Tarime, yakaingia mto Tigithe. Tigithe ni mto mdogo, lakini maji yake huishia mto Mara, na Mara huishia Ziwa Victoria. Wanavijiji walilalamika kwamba ngozi zinawasha na mifugo inakufa. Wenye mgodi walikiri kuwa maji yamevuja, wakasema wezi wameiba nailoni iliyotandikwa bwawani. Malalamiko mengi ya namna hii hufia hapo hapo: mwanakijiji anashika lake, kampuni inashika lake, na mto unaendelea na safari yake.

Safari hii aliingia mtu wa tatu. Watafiti wa Kitanzania walichota sampuli za maji, udongo na tope kuzunguka mgodi, wakapima metali nzito na sayanaidi. Juni mwaka huohuo ripoti yao ilikuwa mezani kwa Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CCT, chombo kinachounganisha makanisa ya Kiprotestanti nchini. Baadhi ya vipimo vilikuwa vimepita mbali mipaka ya usalama. Tangu hapo, aliyetaka kuwabishia wanavijiji ilimlazimu abishane na namba.

Waumini wengi wakisikia kanisa linazungumzia haki na mazingira, hukumbuka mambo mawili: tamko la maaskofu lililosomwa siku ya sikukuu, au mche uliopandwa na mgeni rasmi mbele ya kamera. Yote mawili yana nafasi yake. Ila Kanda ya Ziwa inaonyesha kwamba kanisa husikilizwa zaidi linapokuja na vipimo, hesabu na watu waliokwisha kujipanga.

Tarime haikuwa mara ya kwanza. Machi 2008, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), CCT na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) walitoa kwa pamoja kitabu cha uchambuzi kuhusu dhahabu, kilichoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, ambaye umma ulimjua kama mwanasheria wa masuala ya mazingira. Maaskofu na masheikh waliamua kupiga hesabu hadharani. Kwa miaka mitano nchi ilikuwa imeuza nje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 2.5, huku serikali ikipata wastani wa dola milioni 21.7 kwa mwaka kutokana na mrabaha na kodi za mauzo hayo. Kwa lugha ya sokoni, kila dhahabu ya shilingi mia ilipotoka, nchi ilibaki na shilingi nne na kidogo.

Wakati huo mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya Madini ya 2010 iliupandisha hadi asilimia 4, na mabadiliko ya 2017 yakaufikisha asilimia 6, pamoja na hisa zisizopungua asilimia 16 za serikali katika migodi mikubwa. Itakuwa kutia chumvi kusema viongozi wa dini ndio walioleta mageuzi hayo. Kulikuwa na Tume ya Bomani iliyopitia sekta ya madini, wabunge, wanaharakati, na baadaye siasa za makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Lakini kitabu kilichobeba majina ya TEC, CCT na BAKWATA kwa pamoja hakikuwa rahisi kukiita kazi ya wapinzani. Mwaka 2012 kamati ya pamoja ya viongozi hao ikatoa kingine, safari hii kikihoji namna nchi inavyopoteza takribani dola bilioni moja za kodi kila mwaka.

Hayo ni ya ofisi kuu za Dar es Salaam na Dodoma. Je, usharika wa Igoma au kigango cha Ukerewe, kisicho na mwanasheria wala maabara, kifanye nini?

Jibu mojawapo linatoka mahali ambapo mtu asingetazamia: utafiti wa tohara. Kwa desturi Wasukuma wengi hawatahiri, na kampeni za serikali za tohara kama kinga mojawapo ya VVU zilikuwa zikisuasua katika vijiji kadhaa vya Kanda ya Ziwa. Wakristo wengine waliona tohara ni jambo la Waislamu, wengine wakasema Paulo alishamaliza habari hiyo. Watafiti walichukua vijiji 16. Katika vijiji 8, viongozi wa makanisa walipewa semina ya siku moja kuhusu tohara, kwa upande wa tiba na kwa upande wa Maandiko, kisha wakawa wakikutana na watafiti mara kwa mara wakati kampeni ikiendelea. Vijiji 8 vingine vilipata kampeni ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la The Lancet: kwenye vijiji vya semina, asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa. Kwenye vingine, asilimia 29.5.

Tohara si uchafuzi wa ziwa, ni kweli. Lakini hakuna bango wala gari la matangazo lililoleta tofauti hiyo. Mchungaji au katekista alizungumza jambo gumu na watu wanaomwamini, akiwa amekwisha kulielewa mwenyewe. Siku moja ya semina ni gharama ambayo karibu dayosisi yoyote inaimudu.

Upande wa Kanisa Katoliki, mtandao wa kazi hiyo upo tangu zamani. Miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi wa kanisa mahalia. Mwanza, kama kwingineko, familia chache za jirani hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba: wanasali, wanasoma Injili na kuishirikisha, halafu mwenyekiti anafungua habari za jumuiya. Nani anaumwa. Nani amefiwa. Mchango wa nani haujafika. Katika habari hizo ndimo suala la haki linamoingia, maana anayeumwa mara nyingi anaumwa kwa sababu inayojulikana na mtaa mzima.

Chukua vilima vya Mwanza. Jiji lenye watu zaidi ya milioni moja limepanda juu ya mawe, na kuchimba choo kwenye jabali ni kazi ngumu mno. Mvua ikinyesha, vinyesi hushuka mabondeni, hufuata mto Mirongo unaopita katikati ya mji na kuishia ziwani, kwenye maji yaleyale yanayosukumwa kurudi mabombani. Mamlaka ya maji, MWAUWASA, imejenga mfumo rahisi wa majitaka katika baadhi ya maeneo ya vilimani, wenye mabomba madogo yanayopita kati ya nyumba hadi kwenye bomba kuu. Kiufundi ni mfumo mzuri. Ugumu wake ni wa kijirani: bomba la mama Neema lazima lipite uani kwa mzee Masanja, na likiziba, mmoja wao ajue nani analizibua. Mhandisi hana dawa ya ugomvi huo. Jumuiya ambayo mama Neema na mzee Masanja wanakaa benchi moja kila wiki inaweza kuwa nayo, na pia inajua kaya ipi ya mjane haiwezi kulipia kuunganishwa.

Kusini-magharibi mwa ziwa, mkoani Geita, suala ni zito zaidi. Kwa wachimbaji wadogo wa sehemu kama Nyarugusu na Rwamgasa, mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa juu ya mwalo uliotandikwa magunia, na mchanga mzito unaobaki hutiwa kwenye beseni pamoja na zebaki. Mtu huchanganya kwa mikono mitupu. Huminya mchanganyiko ndani ya kitambaa hadi lipatikane donge la kijivu, kisha donge huwekwa juu ya mkaa unaowaka. Zebaki huruka kama mvuke, dhahabu hubaki. Mara nyingi moto huo huwashwa uani, watoto wakicheza karibu. Mvuke hauonekani vizuri wala haukohozi mtu papo hapo, ndiyo maana onyo la afisa afya linaonekana kama porojo. Madhara huja taratibu: mikono kutetemeka, figo kuharibika, mtoto kudhurika angali tumboni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kusimama uani kwa mchenjuaji. Kipo kifaa chenye kifuniko na bomba kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki ikiwa kimiminika, itumike tena. Ni nafuu kwa mchimbaji mwenyewe, kwa sababu zebaki hununuliwa. Kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa kanisa kinaweza kununua kimoja na kukikodisha. Na hapa wahubiri wana kishawishi cha kukimbilia dhambi: tamaa ya mali, ulevi wa machimboni, na kadhalika. Mchimbaji amekwisha kuyasikia hayo. Hajaonyeshwa tu namna ya kuchoma dhahabu bila kumdhuru mwanawe.

Uvuvi nao unadai busara hiyohiyo. Mwaka 2018 serikali iliendesha operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi zikateketezwa na faini nzito zikatozwa, na malalamiko ya wavuvi yakafika hadi bungeni. Nyavu haramu kama makokoro na timba kweli zinamaliza samaki wachanga. Ziwa linalogawanywa na nchi tatu, sehemu kubwa zaidi ikiwa ya Tanzania, haliwezi kuachwa hivihivi. Ila aliyeunguziwa nyavu mara nyingi ni mwajiriwa wa tajiri aliyekaa mjini, naye hubaki na deni. Kanisa lililoko mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, lina waumini pande zote: mwenye mtumbwi, mvuvi, mama anayeanika dagaa na afisa uvuvi. Ni nadra kukuta chombo kingine kinachoweza kuwakalisha wote hao chini ya paa moja bila posho.

Mambo haya hayaliachi kanisa lenyewe salama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Taasisi za dini zina viwanja ufukweni kama walivyo navyo wenye hoteli, na futi kamba haibagui. Kuna jiko la shule ya bweni na la seminari pia: serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwanzoni mwa 2024, na za makanisa zimo kati ya hizo. Kuna matofali ya kuchoma yaliyojenga makanisa mengi ya Usukumani, tanuri moja likila magogo kwa magogo. Na kuna sadaka. Mfanyabiashara anayenunua dhahabu au mwenye makokoro akitoa mabati ya kanisa, mahubiri ya Jumapili inayofuata huwa na upole wa ajabu.

Miti, kwa kulinganisha, ni rahisi, na pengine ndiyo sababu huanzwa nayo. Hata hivyo ikipandwa kwa utaratibu huzaa matunda. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), alipata jina la askofu wa miti huko Kilimanjaro kwa kuingiza upandaji miti katika mafunzo ya kipaimara, ili kijana asithibitishwe bila kuacha kitu ardhini. Ethiopia, jirani na Ziwa Tana inakoanzia Nile ya Bluu, sehemu kubwa ya misitu ya asili iliyobaki imezunguka makanisa ya Kiorthodoksi. Mtaalamu wa ikolojia Alemayehu Wassie alifanya kazi na makasisi huko kujenga kuta za mawe kuzuia mifugo, na miche ikaanza kurudi. Wasukuma wana utaratibu wao, ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa ili ipumue, ambao mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, Shinyanga, uliufufua kuanzia 1986. Misheni nyingi za kale Kanda ya Ziwa zina ardhi kubwa. Kufunga ngitili katika kipande chake hakuhitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Kilicho kigumu ni fedha za umma. Kampuni za migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato yao ghafi, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2017 zinatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri kuhusu nini kijengwe. Kijijini, mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa humo, mara nyingi harakaharaka na mbele ya watu wachache. Jumuiya kumi za parokia moja zikikubaliana kwenda pamoja, zikiwa na daftari na kalamu na maswali matatu yaliyoandikwa kabla, ukumbi unajaa. Mtendaji wa kijiji naye, akijua wanakuja, huwa na sababu ya kutosha ya kuandaa risiti.