Kabla Dalali Hajaleta Mteja

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, anayeuza nyumba huanza kwa kufuta maandishi. Ukuta uliochorwa "NYUMBA HII HAIUZWI" kwa herufi nyekundu, ili kuwakatisha tamaa matapeli na ndugu wenye haraka na mirathi, sasa unadai rangi mpya. Baada ya hapo ndipo panga, reki na toroli hutolewa stoo.

Wengi huanzia pasipo na faida. Hununua maua kwa wauza miche wa kando ya barabara, wakayapanga barazani kwenye vyungu vipya, huku nyuma ya banda la kuku nyasi zimefika magotini. Mnunuzi makini hayapi maua muda mrefu. Anataka kuona bikoni.

Hayo mawe ya zege yenye namba, ambayo mpima ardhi huyasimika kwenye kona za kiwanja, yana tabia ya kupotea. Majani makavu huyafunika, mvua huyajazia mchanga, ua la michongoma huyameza. Mengine hufukiwa na kifusi cha fundi aliyekuwa akiongeza chumba cha uani. Kwa hiyo ufyekaji wa maana huanzia pembeni, ramani ya upimaji ikiwa mkononi, wala si mbele ya sebule. Bikoni isipoonekana, heri mwenye nyumba amwite mpima mapema kuliko jambo hilo kuibuliwa na wakili wa mnunuzi siku ya kutia saini. Wakati mwingine panga hufichua mengine: ua la jirani limesogea ndani ya kiwanja, au la muuzaji ndilo lililovuka mpaka. Mazungumzo hayo ni rahisi zaidi dalali akiwa hayupo.

Mfuniko wa chemba nao utafutwe na uachwe wazi, kwa kuwa gari la maji taka litauhitaji. Kisha mtaro. Nyumba inayoonyeshwa Agosti, udongo umekauka, haisemi lolote kuhusu masika ya Machi hadi Mei, na mnunuzi wa Dar es Salaam anajua kuuliza maji yanaelekea wapi. Mtaro uliozolewa taka na mchanga humjibu vizuri kuliko maneno.

Kwenye miti, mkono uwe mzito. Wapo madalali wanaoshauri mwembe ukatwe ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Ni ushauri mbaya. Kivuli cha mwembe au mwarobaini hupunguza joto ukutani mchana kutwa, na mti wa namna hiyo haukui kwa mwaka mmoja. Matawi makavu na yale yanayogusa bati yakatwe, basi. Mti wa kushuku ni ule ambao mizizi yake imeanza kupasua ukuta au kuinua sakafu ya baraza.

Kuna usafi mwingine usioonekana kwenye picha za tangazo: vifuu vya nazi, matairi, ndoo zilizopasuka na visahani vya chini ya vyungu. Humo ndimo huzaliana mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hugandama kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Anayehama na vyungu vyake, kumwaga maji hakutoshi. Avisugue kwa brashi kabla havijapanda kwenye gari.

Mimea yenyewe si lazima ing'olewe. Asumini na mkomamanga hushika kwa vipandikizi, mchaichai hugawanywa shinani, na mrehani huacha mbegu tele. Vipandikizi vikitiwa kwenye viriba wiki kadhaa kabla ya kuhama, na kuwekwa kivulini, familia itafika na miche iliyokwisha kutoa mizizi. Mpapai usihamishwe, mizizi yake haipendi kusumbuliwa, na mbegu zake ni bure.

Hata hivyo, kuchukua kuna mpaka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachouza mwenye hati ni haki yake ya kumiliki pamoja na maendelezo, na miti na mazao yaliyosimama yamo katika maendelezo hayo. Muuzaji anayerudi usiku kung'oa michungwa aliyokwisha kulipwa anatafuta kesi. Kama anautaka mche fulani, au nyumba imeuzwa Septemba na mwembe umejaa maembe machanga ya kuiva Desemba, yeye na mnunuzi waandike kwenye mkataba nani atauchukua au atayachuma.