Heroe na Ziwa la Magadi

Kaskazini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya, liko Ziwa Natron. Maji yake ni ya magadi makali yawezayo kuchoma ngozi, na mwenye kulitazama hudhani kuwa halina faida kwa kiumbe chochote. Kumbe hapo ndipo huzaliwa sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia nzima, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo.

Tuanze na chakula chao. Heroe huinamisha kichwa, mdomo ukageuka juu chini, kisha huvuta maji kwa ulimi na kuyachuja mdomoni. Hubakiwa na mwani mdogo mno, ustawio katika magadi. Mwani huo ndio umpao rangi yake, kwani kifaranga huwa wa kijivu.

Ama kuhusu malezi, jike hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha matope, na wazazi wote wawili huliatamia kwa zamu, siku 28 hivi. Kinda akishaanguliwa, baba na mama humlisha maziwa mekundu yatokayo kooni mwao. Baadaye hujiunga na maelfu ya makinda wenzake, wakilindwa na wakubwa wachache.

Hapa pana zingatio. Ukali wa ziwa ndio boma lao, kwa kuwa fisi na mbweha hushindwa kuvuka matope yale. Lakini maji yakizidi, viota huzama; yakipungua, maadui hupita kwa miguu. Huko Ziwa Nakuru, Kenya, maji yameongezeka tangu miaka ya 2010, magadi yakapungua ukali, mwani ukaadimika na heroe wengi wakahama. Chakula waweza kukifuata maziwa mengine, ila pa kuzalia kwa uhakika katika Afrika Mashariki ni Natron peke yake.

Mwaka 2001 ziwa hilo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Hata hivyo, mwaka 2006 ulizuka mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapo, na mwaka 2008 kampuni husika ikajitoa.

Basi, enyi wazazi, tuwafunze watoto wetu kutoharakia kuiita ardhi yoyote kuwa haifai. Ndege atagaye yai moja, tena akitegemea ziwa moja, akiharibiwa mahali hapo hana pengine pa kukimbilia.