Wimbi la anga, shubiri moja kutoka Kilimia

Wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa wa Guta huingia ziwani, katika Ghuba ya Speke, na taa zao. Ukiwa nao mtumbwini usiku wa Desemba, tazama kaskazini: Kilimia kiko juu. Nyoosha mkono, pima shubiri moja kuelekea mashariki. Hapo, pasipoonekana kwa macho matupu, pana Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka 1054.

Katikati yake imebaki nyota ndogo, nzito ajabu, inayozunguka mara 30 kwa sekunde huku ikivumisha upepo wa chembe za umeme kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Upepo huo ukikumbana na mabaki yanayouzunguka, hukwama ghafla, kama wimbi la ziwa linavyovunjika kwenye mawe ya ufukweni. Hapo ndipo penye wimbi la mshtuko, na hapo chembe huongezewa nguvu.

Zinaongezewaje? Upige mpira kwenye lori linalokujia: utarudi kwa kasi kubwa kuliko ulivyoupiga. Mwaka 1949 mwanafizikia Enrico Fermi alieleza kwamba chembe hudundwa vivyo hivyo, tena na tena, na sumaku za angani zinazotembea. Ila wimbi lenye kasi kubwa namna hii haliachi chembe irudi mbele mara nyingi, ndiyo maana baadhi ya watafiti husema kazi hiyo hufanywa na sumaku zinazokatika na kuungana upya.

Afrika Mashariki imo katika habari hii, na watoto wetu wanastahili kuijua. Kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza anga iitwayo Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Mwaka 1972 ikafuata SAS-2, iliyonasa miale ya gama, yaani mwanga wenye nguvu nyingi mno usioonekana kwa macho, kutoka Nebula ya Kaa.

Je, miale ya namna hiyo inatudhuru? Hewa iliyo juu ya ziwa letu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 9, na miale ya gama haiipenyi. Chembe nyingine za angani zikigonga hewa huzaa chembe ndogo ziitwazo muoni, na takriban 100 hupita kwenye kiganja chako kila dakika, tangu ulipozaliwa. Hazihitaji dawa wala kinga. Mvuvi, kofia yako iweke kwa ajili ya jua la mchana.