Python: Kukata orodha si sawa na kukata itereta

KATIKA vituo vya kununulia majanichai vinavyozunguka Kabianga, kaunti ya Kericho, kila mzigo unaopimwa huacha rekodi: nambari ya mkulima, tarehe na kilo. Rekodi hizo zikifika milioni moja, namna ya kuchukua chache tu kati yake si jambo dogo, kwani malipo ya mkulima hutegemea hesabu hiyo.

Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, ameziweka katika orodha ya lugha ya Python. Ataandika rekodi[900000:900010]. Orodha hujua mahali pa kila kitu, hivyo Python huenda moja kwa moja na kutoa kumi. Gharama ni ya hizo kumi pekee.

Kipande hicho ni orodha mpya, ingawa kinachonakiliwa ni anwani za rekodi wala si rekodi zenyewe. Kwenye kompyuta ya biti 64, anwani nusu milioni huchukua takriban megabaiti 4.

Itereta ni kama mkanda wa kiwandani. Hutoa kimoja baada ya kingine, na haina nambari za mahali. Kwayo hutumika islice, iliyoingizwa katika Python 2.3 mwaka wa 2003. Ili kufikia rekodi ya 900,000, islice huzipitisha zote zilizotangulia na kuzitupa. Haikubali nambari hasi, maana mwisho wa mkanda haujulikani.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakisikia kwamba islice huokoa kumbukumbu, huitumia hata kwa orodha. Islice haibagui: huanza mwanzo vilevile, na njia iliyokuwa ya mkato ikawa ndefu.

Kosa baya zaidi halipunguzi kasi, bali hupunguza kilo. Itereta hairudi nyuma. Anayechungulia rekodi kumi za kwanza kwa islice, kisha akajumlisha kilo kwa itereta ile ile, atazikosa hizo kumi, na Python haitatoa onyo lolote. Programu itamaliza kazi kwa amani. Mkulima ndiye atakayeshangaa siku ya malipo. Dawa ni kulifungua faili upya kabla ya kujumlisha.

Hata hivyo, faili likiwa kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta, islice ndiyo ifaayo.