Mpaka wa sangara uko wapi?

Mvuvi wa Bumbire au Goziba, wilayani Muleba, akisikia kwamba bahari za dunia zimegawanywa kwa namba, atauliza: mimi yananihusu nini? Yanamhusu, ila kwa njia ya kuzunguka.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, limeigawa dunia katika maeneo ya takwimu za uvuvi. Pwani yetu, Tanga hadi Mtwara, imo eneo namba 51. Maziwa na mito yote ya Afrika ni namba 01. Hayo ni ya kuhesabia samaki tu, hayampi mtu haki ya kuvua. Haki ilitokana na mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982, uliozipa nchi za pwani maili 200 za baharini, kama kilomita 370.

Ziwa Victoria halina maili 200 za kumpa mtu. Tanzania ina asilimia 51 (haina undugu na ile namba 51!), Uganda 43, Kenya 6. Mpaka wetu na Uganda ziwani ni mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, chini ya kilomita 40 kutoka Bukoba mjini. Usiku mstari huo hauonekani. Anayeuvuka akifuata samaki anaweza kupoteza injini na nyavu, na mkopo ukabaki palepale.

Sangara naye hakai upande mmoja. Ndiyo maana mwaka 1994 nchi hizo tatu ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake Jinja, ili masharti yafanane. Sangara wa chini ya sentimita 50 akikatazwa Muleba na kuuzwa kwa jirani, aliyemwachia amepata nini?

Kwa hesabu yangu, maeneo yanayomlipa mfanyabiashara mdogo ni yale madogo: mazalia ya samaki kwenye ghuba, midomo ya mito na kandokando ya matete. Vikundi vya BMU vya mialo ndivyo vyenye kazi ya kuyalinda. Tatizo, mwalo mmoja ukifunga eneo na wa pili ukaburuta kokoro humohumo, waliotii ndio wanaokula hasara. Mialo inayopakana ikubaliane pamoja, iweke maboya yanayoonekana, na wachuuzi wakatae sangara wachanga pale pale mizani inapotundikwa. Mchuuzi asiponunua, kokoro halina mteja.