Kipupwe Ziwani: Baridi au Joto?

Kipupwe kinapoingia Rumonge, kati ya Juni na Agosti, mvua hukatika na upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo mabishano ya lindoni huanza. Askari mzaliwa wa ufukweni, penye kimo cha mita 770 hivi, huvaa koti jioni. Mwenzake wa Mugamba, kwenye milima ipitayo mita 2,000, humcheka, maana kwao usiku kama huo ni wa shati. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi zipatazo sita. Basi hakuna mwongo kati yao.

Mwandishi wa makala haya anapenda baridi. Baridi huzuiwa kwa koti, bali joto la saa nane mchana halivuliki.

Hata hivyo, ndugu askari ushukaye kutoka mlimani, usiidharau Imbo. Huko juu malaria ni haba kuliko huku, na mwili usioizoea huangushwa upesi kuliko wa mwenyeji. Chandarua kifungwe hata usiku unaouona wa baridi. Homa ikianza, mwarifu mkuu wako ukapimwe siku ile ile. Usingoje zamu iishe.