Ubongo Uliotikiswa Hauwezi Kuamua Kesi Yake Wenyewe

Swali huja kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: nilipigwa, nikaona nyota, sasa kichwa hakiumi tena, je, naweza kurudi ulingoni Jumamosi? Kijana wa Nuu, kule Kitui, anayefanya mazoezi ya ndondi au taekwondo Mwingi, au aliyehamia Nairobi na kujiunga na klabu ya Muthurwa au Kariobangi, humwuliza kocha, humwuliza muuza dawa, humwuliza rafiki, na siku nyingine hukumbuka kumwuliza daktari. Angekuwa amevunjika mfupa wa mkono, kusingekuwa na mjadala. Uvimbe unaonekana, eksirei inaonyesha ufa, plasta inafungwa na siku zinahesabiwa. Hata goti, ambalo ni sumbufu zaidi, lina hesabu yake: utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti alipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuumia tena kwa kila mwezi aliokubali kusubiri, mpaka mwezi wa tisa. Lakini pigo la kichwa lina ugumu usiopatikana kwenye goti wala mkono. Kiungo tunachokiuliza kama kimepona ndicho hicho hicho kilichoumia. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba hisia za bondia mwenyewe, hata akiwa mkweli kama malaika, hazipaswi kuwa msingi wa uamuzi wa kurudi.

Wakenya wana mfano ambao hawakupaswa kuusahau. Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili huko Seoul 1988 na kuwa Mkenya pekee, mpaka leo, mwenye dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzales katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba angeweza kuendelea. Muda mfupi baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, alizimia, na tarehe 24 alikuwa amefariki, akiwa na umri wa miaka 26. Hiyo haikuwa kesi ya kurudi baada ya jeraha, lakini inajibu swali letu vizuri kuliko kesi nyingine yoyote. Mtu anaweza kusimama, kubishana na refa na kutembea, huku ndani ya fuvu mambo yameshaharibika. Alikuwa mwanamichezo wa daraja la juu kabisa, anayeujua mwili wake. Mwili wake ulimwambia yuko sawa.

Hapa inabidi nibomoe imani moja ambayo haichoki kurudi: kwamba asiyepoteza fahamu hakuumia ubongo. Katika mitikisiko kumi ya ubongo inayotokana na michezo, takriban mmoja tu ndio humzimisha mtu. Tisa iliyobaki humwacha amesimama, labda ameduwaa, labda anajibu swali polepole, labda anamwuliza kocha mara mbili hii ni raundi ya ngapi. Sababu iko katika umbo la ubongo wenyewe. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford, A. H. S. Holbourn, alitengeneza kielelezo cha ubongo kwa jelatini na kuchunguza nini hutokea kichwa kikigongwa. Aligundua kwamba pigo linalosukuma kichwa kwenda nyuma kwa mstari ulionyooka hudhuru kidogo kuliko lile linalokizungusha. Kichwa kikizungushwa ghafla, fuvu hutangulia, ubongo ambao ni laini kama ugali uliopikwa kwa maji mengi huchelewa, na tabaka zake huburutana. Nyuzi ndefu za neva zinazopita kati ya tabaka hizo huvutwa. Ngumi ya kidevu kutoka upande, ambayo mashabiki huishangilia kuliko zote, ndiyo mashine bora ya kuzungusha kichwa aliyowahi kubuni mwanadamu. Ndiyo maana pia ile kofia ya kinga haizuii mtikisiko. Huzuia michubuko na mipasuko ya ngozi, basi. Shirikisho la ndondi la dunia liliiondoa kwa wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013, na mzazi anayemnunulia mwanawe kofia hiyo akidhani amenunua usalama wa ubongo ameuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Kinachofuata baada ya nyuzi kuvutwa ndicho kinachonivutia kupita yote, na msomaji anisamehe nikikaa hapo kidogo. Utando wa seli ya neva una milango midogo inayochuja chumvi. Ikivutwa, milango hiyo hufunguka ovyo: potasiamu hukimbia nje, sodiamu na kalsiamu humiminika ndani. Seli haiwezi kutuma ujumbe katika hali hiyo, kwa hiyo huwasha pampu zake zote ili kurudisha kila chumvi mahali pake. Pampu hizo zinakula nishati kwa pupa. Seli hudai glukosi nyingi kuliko kawaida, lakini wakati huo huo damu inayofika kwenye ubongo hupungua badala ya kuongezeka, na kalsiamu iliyoingia inajazana ndani ya viwanda vya nishati vya seli na kuvifanya vizembee. Mahitaji yamepanda, ugavi umeshuka. Ni kama kijiji ambacho bwawa limepasuka na kila nyumba inachota maji kwa ndoo usiku kucha huku bomba kuu likizidi kukauka. David Hovda na Christopher Giza wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza mfuatano huu mwaka 2001 na kuuboresha 2014. Baada ya siku za mwanzo za pupa, ubongo huingia katika kipindi kirefu cha kufanya kazi kwa kiwango cha chini. Katika kipindi hicho seli haijafa na inaweza kupona kabisa. Haina akiba tu. Kichwa kinaweza kuacha kuuma mapema, kwa kuwa maumivu hayapimi akiba ya nishati. Kijana hujisikia mzima akiwa amekaa kwenye kiti, akipiga soga, kwa sababu kiti na soga havidai mengi. Akipigwa ngumi ya pili, seli zilezile zinatakiwa kuwasha pampu zote upya, na hazina cha kuwashia.

Huenda mtu akasema hiyo ni nadharia ya maabara, na nyingi ya data zake zilitoka kwa panya. Ni kweli. Lakini nadharia hiyo inatabiri jambo linaloweza kuhesabiwa kwa binadamu: kwamba kuna dirisha la siku kadhaa ambapo pigo la pili huja kwa urahisi na hupona kwa shida. Mwaka 2003 Kevin Guskiewicz na wenzake walichapisha hesabu za wachezaji 2,905 wa kandanda ya Kimarekani vyuoni. Kati ya wachezaji 12 walioumia kichwa mara ya pili katika msimu uleule, 11 waliumia ndani ya siku 10 za pigo la kwanza. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walitazama kemia ya ubongo wa wanamichezo waliotikiswa kwa kutumia mashine ya sumaku. Walikuwa 13 tu, na sitadai zaidi ya hapo, ila tokeo lao halipuuziki: wanamichezo watatu waliopigwa tena kati ya siku ya 10 na ya 13 walihitaji takriban siku 45 ili kemia yao irudi kawaida, wakati waliopigwa mara moja walifika huko kwa takriban siku 30. Na dalili zilikuwa zimeondoka mapema sana kabla ya kemia kutulia. Hapo ndipo mtego ulipo. Siku ambayo kijana anasema "sasa niko fiti" huangukia katikati ya dirisha.

Kuna pingamizi la kitaalamu zaidi. Tangu 1984 vitabu vimekuwa vikitaja kifo cha ghafla kinachotokana na pigo la pili kabla la kwanza halijapona, ubongo ukivimba ndani ya dakika chache. Paul McCrory wa Australia alihoji mwaka 1998 kama jambo hilo limethibitishwa, akisema kesi nyingi zilizotajwa hazina ushahidi wa pigo la kwanza. Nadhani alikuwa na hoja: ni tukio adimu mno, na baadhi ya vifo hivyo vina maelezo mengine, hasa mshipa wa damu uliokatika kati ya ubongo na utando wake. Lakini hoja yangu haisimami juu ya kifo hicho. Hata kikifutwa kabisa vitabuni, takwimu za siku 10 zinabaki, na kijana anayepona kwa siku 45 badala ya 30 bado amepoteza msimu.

Sasa wauza miujiza. Sina ugomvi na mundu mue, mganga wa Kikamba, anayejua mipaka yake, wala na bibi anayekanda misuli ya bega. Ugomvi wangu ni na yule anayesimama sokoni na kipaza sauti akiuza unga wa "kuzibua ubongo", anayechanja paji la uso ili kutoa "damu chafu", na anayevuta shingo mpaka ilie kwa sababu "ubongo umehama". Ubongo hauhami. Damu iliyovilia ndani ya fuvu haitoki kwa wembe juu ya ngozi. Na shingo ya mtu aliyepigwa kichwa ni ya mwisho kuvutwa na asiyejua, kwa kuwa ngumi iliyotikisa ubongo imetikisa na pingili zake. Ndugu wa karibu wa huyu ni yule msaidizi wa pembeni mwa ulingo mwenye chupa ya amonia: harufu ile humfanya mtu ashtuke na kufungua macho, na hapo dalili iliyokuwa ikimwokoa imefichwa. Kumwagia maji baridi ni vilevile. Hata hospitali ina imani yake, nayo ni picha ya CT. Familia huuza mbuzi, hupanda gari zaidi ya kilomita 150 kutoka Mwingi hadi Nairobi, hurudi na karatasi inayosema hakuna kasoro, na kijana hurudi mazoezini kesho yake. Picha hiyo hutafuta damu na mifupa iliyopasuka. Haioni milango ya chumvi wala upungufu wa nishati. "Picha safi" maana yake ni kwamba hahitaji kupasuliwa leo, wala haisemi neno juu ya ngumi za Jumamosi.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Aliyeshukiwa kutikiswa ubongo hapigani tena siku hiyo, hata akilia. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, kifafa, usingizi usioamshika, mboni moja kuwa kubwa au mkono kulegea: safari ya hospitali Mwingi ianze usiku huohuo, bila kungoja asubuhi. Asinywe pombe, na asimeze aspirini wala ibuprofeni siku za mwanzo. Wataalamu waliokutana Amsterdam 2022 walikubaliana juu ya mapumziko ya wastani kwa siku moja au mbili, kisha kutembea na mazoezi mepesi. Kumfungia mtu gizani wiki nzima ni mtindo uliopitwa: jaribio la 2019 kwa vijana 103 lilionyesha waliofanya mazoezi mepesi walipona kwa siku 13, dhidi ya 17 kwa waliojinyoosha tu. Baadaye kukimbia, kamba, kupiga ngumi hewani, mfuko, kila hatua ikichukua angalau siku nzima, na dalili zikirudi anashuka hatua moja. Kupigana na mwenzake ni baada tu ya dalili kwisha na mhudumu wa afya kumruhusu. Afisa wa kliniki anaweza kufanya kazi hii bila mashine: usawa wa kusimama kwa mguu mmoja, macho yanayofuata kidole, maneno ya kukumbuka baada ya dakika tano. Kwa aliyeangushwa, kanuni za ndondi za ridhaa kwa muda mrefu zimedai angalau siku 30, na kwa kuzingatia wale Waitaliano, naziona siku hizo kuwa za haki kabisa.

Wapo watakaosema ngumi ni ugali, na bondia asiyepanda ulingoni halipwi. Hoja hiyo ni nzito kuliko zote, na anayeidharau hajawahi kulala njaa. Chama cha Madaktari cha Uingereza kimekuwa kikitaka ndondi zipigwe marufuku tangu 1982, jambo lililo rahisi kulisema ukiwa na mshahara. Lakini hata kwa hesabu ya ugali, siku 30 ni pigano moja, na pigo la pili ndani ya dirisha ni msimu. Hesabu hugeuka zaidi mitikisiko inapojirudia: katika utafiti ule wa 2003, aliyekuwa na historia ya mitikisiko mitatu au zaidi alikuwa na hatari mara tatu ya kutikiswa tena. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland alieleza mabondia waliolewa kwa ngumi, wanaoyumba na kukokota maneno, na waliomfuata wamepata protini iliyojikunja ndani ya ubongo wa namna hiyo. Ishara za kuacha kabisa si ngumu: ngumi ndogo inaleta dalili ambazo zamani zilihitaji ngumi kubwa, kila kupona kunachukua muda mrefu kuliko kwa mwanzo, hasira zinawaka bila sababu, majina yanapotea. Bondia hatayataja mambo haya, kwa kuwa ama hayaoni ama anaogopa kupoteza pigano. Mkewe au mama yake huwa ameyaona miezi mingi kabla ya kocha, na katika fomu nyingi za uchunguzi hakuna sehemu ya kuandika jibu lake.